Ahadi Ni Deni: Kuisikiliza Tena The Nylon Curtain

Wanafunzi wanaopita ofisini kwangu jioni hunishangaa. Wanatarajia kumkuta mwalimu wa siasa akisoma Fanon au akisahihisha insha zao, na badala yake wanamkuta akisikiliza mwanamume wa New York akipiga piano na kuimba habari za kiwanda cha chuma kilichofungwa. Wengine huuliza kwa adabu kama huo si muziki wa mabwana wakubwa. Wengine, ambao adabu yao imepungua kidogo, huuliza mwanamajumui wa Afrika anatafuta nini katika roki ya Wamarekani weupe. Swali lao ni la haki, na makala haya ni jibu langu.

Albamu yenyewe inaitwa The Nylon Curtain. Mtunzi na mwimbaji wake ni Billy Joel, na ilitolewa na kampuni ya Columbia Septemba 1982. Ina nyimbo tisa tu. Mtayarishaji wake alikuwa Phil Ramone, na ni miongoni mwa albamu za mwanzo za muziki wa aina hiyo kurekodiwa kwa mfumo wa dijitali. Haikuuzwa kama The Stranger ya mwaka 1977, iliyomfanya Joel ajulikane duniani kote, wala haina nyimbo nyepesi za kuchezeka kama An Innocent Man iliyofuata mwaka 1983. Hata hivyo, Joel mwenyewe amekuwa akiitaja kuwa ndiyo kazi anayojivunia kuliko zote. Mimi nakubaliana naye, ingawa sababu zangu huenda si zake.

Nianze na jina, kwa kuwa jina ndilo lililonivuta. Kila aliyesoma historia ya Vita Baridi anaijua istilahi ya Pazia la Chuma, mpaka uliowatenga watu wa Ulaya ya Mashariki na wale wa Magharibi. Joel akasema Marekani nayo ina pazia lake, ila limefumwa kwa nailoni: jepesi, la bei rahisi, la kiwandani, linalopitisha mwanga kiasi cha kumfanya aliye ndani aamini kwamba anaona nje. Juu ya jalada kuna safu ya nyumba zinazofanana kama matofali ya tanuri moja. Kwetu sisi neno hilo lina ladha ya ziada. Katika Kiswahili cha sokoni, nailoni ni ule mfuko mwepesi tuliofungia nyanya na dagaa mpaka serikali ya Tanzania ilipoupiga marufuku Juni 2019. Tunajua vizuri kitu cha nailoni kilivyo: hung'aa kikiwa kipya, hakibebi kizito, na kikishatupwa hakiozi. Sijui lugha nyingine ambamo jina la albamu hii lingesomeka vizuri zaidi.

Lazima niseme neno juu ya piano pia. Roki kwa desturi ni muziki wa gitaa. Mpiga gitaa husimama, hutembea jukwaani, huruka. Mpiga piano ameketi mbele ya chombo asichoweza kukibeba. Kweli, walikuwapo akina Little Richard na Jerry Lee Lewis katika miaka ya 1950 ambao waliipiga kwa fujo kana kwamba wanagombana nayo, na baadaye akaja Elton John na mavazi yake. Lakini piano yenyewe hudai mafunzo ya miaka mingi, na humweka mpigaji mahali pamoja. Joel alifundishwa muziki wa kale wa Ulaya tangu utotoni. Baba yake, aliyezaliwa Nuremberg katika familia ya Kiyahudi, alikuwa mpiga piano mzuri. Familia hiyo ilinyang'anywa biashara yake ya nguo wakati wa Wanazi, ikakimbilia Uswisi, kisha Cuba, na hatimaye Marekani. Kwa hiyo mtu anayeimba hapa kuhusu ndoto ya Kimarekani ni mtoto wa mkimbizi aliyekulia Hicksville, Long Island, katika mojawapo ya nyumba zile zinazofanana. Anaiimba nyumba ambayo amelala ndani yake.

Wimbo wa kwanza, "Allentown", unaanza kwa king'ora cha kiwanda. Halafu unaingia mdundo wa mashine, kisha piano inashika hatua ile ile, kama mfanyakazi anayeingia zamu. Allentown ni mji wa Bonde la Lehigh, jimbo la Pennsylvania. Jirani yake ni Bethlehem, uliokuwa makao makuu ya Bethlehem Steel, kampuni iliyotoa chuma cha daraja la Golden Gate na kuunda meli nyingi za kivita za Vita Kuu ya Pili. Wimbo unamsimulia kijana ambaye baba yake alipigana vita hiyo, akarudi, akapata kazi, akaoa, akajenga. Kijana naye aliambiwa kwamba akisoma kwa bidii na kuwa na tabia njema atapata alichopata baba yake. Akasoma. Cheti kikatundikwa ukutani. Kiwanda kikafunga.

Wengi huusikia wimbo huo kama malalamiko juu ya kazi. Mimi nausikia kama wimbo juu ya ahadi. Waswahili tunasema ahadi ni deni, na deni lina mdai na mdaiwa. Kijana wa Allentown anajua kwamba anadai, lakini hajui amdai nani. Baba yake hakumdanganya, kwa maana kwa baba ahadi ilitimia. Mwalimu wake hakumdanganya, kwa maana alirudia alichofundishwa. Mwenye kiwanda atasema ni soko. Serikali itasema ni mfumuko wa bei. Deni lipo, ila mdaiwa hana sura. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo hali ya kisiasa iliyo ngumu kuliko zote, kwa sababu hasira isiyo na anwani huishia kupelekwa kwa jirani, au kwa mgeni, au kwa mke.

Hapa ndipo ninapotoa sehemu ya kwanza ya jibu kwa wanafunzi wangu. Mwaka 1982 haukuwa mwaka wowote tu. Ili kupambana na mfumuko wa bei, Benki Kuu ya Marekani chini ya Paul Volcker ilikuwa imepandisha riba kwa kiwango kikubwa mno. Kufikia Novemba mwaka huo ukosefu wa ajira nchini humo ulifika asilimia 10.8. Riba zile zile zilizombana mwenye kiwanda cha Pennsylvania ziliongeza mzigo wa madeni ya nchi nyingi za Amerika ya Kusini na Afrika. Agosti 1982, mwezi mmoja kabla ya albamu hii kutoka, Mexico ilitangaza kwamba haiwezi tena kulipa madeni yake, na dunia ikaingia katika kile tunachokiita mgogoro wa madeni. Kilichofuata kwetu tunakijua: masharti, marekebisho ya kiuchumi, mkataba wa Tanzania na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na viwanda vya umma vilivyobadilika kuwa maghala. Sisemi sababu ilikuwa moja tu. Bei za mafuta, bei za mazao yetu, vita na makosa ya ndani vyote vilikuwamo. Nasema tu kwamba king'ora kilichonyamaza Pennsylvania na vilivyonyamaza kwetu vilikuwa katika mtaa mmoja wa historia.

Nimekulia Morogoro, mji uliojengewa viwanda vya viatu, ngozi, turubai na nguo kwa matumaini makubwa. Nilipopata fahamu, sehemu kubwa ya matumaini hayo ilikuwa mageti yenye kutu na mlinzi mmoja. Watu wazima walipotuelekeza njia walitumia viwanda kama alama: pita pale kiwandani, kata kushoto. Hakuna aliyesema kilichokuwa kiwanda. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nasomea uzamivu Marekani, nilipanda basi kwenda Bethlehem kwa ajili ya wimbo huu. Uzalishaji wa chuma pale ulikuwa umekoma mwaka 1995, na kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2001. Matanuri makubwa ya kuyeyushia chuma bado yamesimama kando ya mto, meusi, marefu kama minara, na karibu nayo wamejenga kasino na ukumbi wa burudani. Mzee mmoja niliyeketi naye kwenye benchi alinielekeza kituo cha basi. Akasema nipite pale kiwandani, halafu nikate kulia.

Wimbo wa tatu, "Pressure", ni wa kasi na wasiwasi. Piano imesogezwa kando, sintesaiza zimechukua nafasi yake, na ngoma za Liberty DeVitto zinasukuma bila huruma. Anayeimbiwa ni mtu aliyelelewa na televisheni na magazeti, mwenye majibu ya kila kitu mpaka siku anapobanwa. Nikiusikia leo huwaza kizazi cha simu janja kuliko kizazi cha mwaka 1982. Lakini kiini cha albamu nzima, na sababu ya pili ya mimi kuipenda, ni wimbo wa nne.

"Goodnight Saigon" unaanza kwa sauti ya nyenje usiku. Taratibu inaingia sauti ya helikopta, na baada yake piano, polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwenzake. Wanaoimba ni askari wa Marekani waliopelekwa Vietnam, kutoka mafunzo yao kisiwani Parris hadi porini. Joel hakupigana vita hivyo. Aliuandika kwa sababu marafiki zake waliopigana walimtaka auandike, na heshima ya kazi hiyo inasikika: hatoi hotuba, hasemi nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo. Anaorodhesha tu. Giza, kanda za muziki, sala, mwenzao aliyerudishwa nyumbani katika mfuko wa plastiki mwenye namba badala ya jina. Nailoni tena. Kinachoniumiza ni kiitikio. Hadi hapo tumemsikia mtu mmoja, na ghafla inakuja sauti ya wanaume wengi, kwaya ya watu wasio waimbaji, wakiapa kwamba watakufa pamoja. Kisha sauti zinatoweka, helikopta inaondoka, nyenje wanabaki. Miezi miwili baada ya albamu kutoka, Novemba 1982, ukuta wa kumbukumbu ya waliokufa katika vita hivyo ulizinduliwa Washington, ukiwa na majina yanayokaribia 58,000. Taifa lilikuwa limechukua miaka saba tangu kuanguka kwa Saigon kupata mahali pa kuyaandika.

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alikwenda Kagera mwaka 1978 akiwa mgambo wa miaka ishirini. Nataka nieleweke: vita vile havikuwa Vietnam. Nchi yetu ilivamiwa, ardhi yetu ilitangazwa kuwa ya mwingine, na mpaka leo naamini tulikuwa na sababu ya kupigana. Bendi zetu zilituimbia ushindi, na ushindi ulikuwa wa kweli. Lakini wimbo wa ushindi una mipaka yake. Unamjua shujaa, haumjui mtu aliyerudi. Mjomba alirudi akalima, akazaa, akazeeka, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisimulia. Mama alikuwa akituambia, "Mjomba wenu msimshtue akiwa amelala. Muiteni kwa mbali kwanza." Hilo ndilo simulizi pekee la vita vya Kagera nililorithi katika familia yangu. Ni agizo la namna ya kumwamsha mtu.

Alipofariki, tulipata katika sanduku lake shati moja la kijeshi lililokunjwa vizuri na karatasi chache. Usiku ule wa matanga, baada ya wazee kulala, niliuweka wimbo huu masikioni. Sikuutafuta ili ulingane na msiba wetu. Niliutafuta kwa sababu katika nyimbo zote ninazozijua, ni huu peke yake uliompa askari wa kawaida nafasi ya kuogopa bila kumvua heshima. Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wangu: wimbo wetu wa namna hii uko wapi? Baada ya vita Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo 18 tunaikumbuka wote, tunaitaja hata kwa mzaha. Usiku wa akina Mjomba tumeuandika wapi?

Nisiipake albamu hii mafuta kwa mgongo wa chupa. Ina mapungufu, na mwalimu asiyeona mapungufu ya anachokipenda anafundisha ushabiki. La kwanza ni kwamba katika wimbo mzima wa Vietnam hakuna Mvietnam mwenye uso. Yupo kama kivuli na tishio tu, ilhali Wavietnam ndio waliokufa kwa idadi kubwa mara nyingi zaidi ya Wamarekani, tena wakiwa kwao. Pazia la nailoni limemzuia hata mtunzi aliyelipa jina. La pili ni kwamba "Allentown" unajua kulia kuliko unavyojua kuuliza. La tatu ni upande wa pili wa santuri, ambako Joel anajaribu sana kusikika kama The Beatles. John Lennon alikuwa ameuawa Desemba 1980, na kivuli chake kimetanda juu ya nyimbo kama "Surprises" na "Scandinavian Skies". Wapo wanaouona upande huo kama maombolezo, wapo wanaouona kama uigaji. Mimi husema ni vyote viwili.

Hata hivyo, wimbo wa mwisho unanirudisha kundini. "Where's the Orchestra?" ni mfupi na wa polepole. Mtu ameingia ukumbi wa maigizo akitarajia mchezo wa nyimbo na ngoma. Pazia linafunguka, na mbele yake ni watu wanaozungumza tu. Hakuna okestra. Anabaki hata hivyo, anautazama mchezo hadi mwisho, na anapotoka anatambua kwamba alichotazama kilikuwa na maana, ila si ile aliyolipia. Halafu, sauti zikiwa zinafifia, unasikia kwa mbali wimbo wa "Allentown" ukirudiwa bila maneno, taratibu, kama mtu anayeukumbuka njiani. Kijana wa kiwandani na mtazamaji wa maigizo ni mtu mmoja: aliahidiwa muziki akapewa maisha.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike haya leo na si mwaka jana. Msimu wa mahafali umekaribia. Nitavaa joho, nitakaa jukwaani pamoja na wenzangu, na nitawapigia makofi vijana ambao nimewafundisha miaka mitatu. Wazazi watakuwa wamekuja na mashada ya maua na vigelegele, wengine wakiwa wameuza ng'ombe au kiwanja. Najua, kwa sababu huwapigia simu wahitimu wangu, kwamba wengi watasubiri ajira kwa miaka. Najua wapo wanaoendesha bodaboda wakiwa na shahada ya pili, na sisemi hivyo kwa kudharau bodaboda. Mimi ni mmoja wa watu wanaotia saini kwenye ile ahadi ambayo kijana wa Allentown hakujua amdai nani. Chuo kina sura yangu. Mdaiwa, walau kwa siku moja, anaonekana.

Nifanye nini basi? Wapo wenzangu wanaosema tuwaambie vijana wajiajiri. Sikatai, ila najua kwamba mtu aliyekosa mtaji haambiwi ajiajiri, anaambiwa aondoke. Wapo wanaosema tuwaambie ukweli kwamba shahada haina maana. Hilo nalo ni uongo, na ni uongo unaowafaa zaidi wale ambao watoto wao watapata kazi hata bila shahada. Ninachoweza kufanya ni kidogo, lakini ni changu. Naweza kukataa kushona pazia. Naweza kuwaambia darasani, kabla ya joho na vigelegele, ni nani anapanga riba, nani anaamua kiwanda kijengwe au kifungwe, bajeti ya ajira inapitishwa wapi na kwa kura za nani, ili siku watakapodai wajue mlango wa kugonga. Elimu ya siasa, kwangu, ni hiyo: kumpa mdaiwa sura.

Inafurahisha kujua kwamba Billy Joel mwenyewe hakuhitimu sekondari kwa wakati wake. Mwaka 1967 alikuwa akipiga piano usiku katika baa ili kumsaidia mama yake, akalala, akakosa mtihani. Shule ilimpa cheti mwaka 1992, baada ya miaka 25, akiwa ameshajaza viwanja duniani. Mwaka 1987 alikuwa amekwenda Umoja wa Kisovieti na bendi yake, akapiga Moscow, Leningrad na Tbilisi, na kuwaimbia watu wa upande ule wa Pazia la Chuma nyimbo zilizotungwa nyuma ya lile la nailoni. Nakala za onyesho hilo zipo, na sauti za wasikilizaji zinasikika. Hawakuonekana kuhitaji mkalimani.

Kwa hiyo, kwa wale waliouliza natafuta nini katika roki ya Wamarekani weupe: natafuta watu ambao historia ilipita juu yao bila kuwaomba ruhusa, na nawapata wengi kule kama ninavyowapata hapa. Umajumui wangu haupungui kwa kujua kwamba mfanyakazi wa Bethlehem na mfanyakazi wa Morogoro walifukuzwa katika dunia moja. Unapata macho.

Mkiipata albamu hii, isikilizeni kwa mpangilio wake, tangu king'ora cha mwanzo hadi sauti ile ya mbali ya mwisho. Ni dakika zisizofika hamsini. Na aliye na mjomba, babu au jirani aliyepita Kagera akiwa bado hai, aende akamketie leo, si kesho. Asimshtue. Amuite kwa mbali kwanza, halafu amuulize.